Swali la lugha: Je, kila pambo la dhahabu la kichwani ni taji?

SWALI: Naandaa maelezo ya picha za mapambo ya dhahabu waliyovaa kichwani watawala wa kale wa Peru. Kamusi inanipa "taji" kwa kila kimoja. Nikubali? Na je, ni sawa kusema yamechovywa dhahabu?

JIBU: Usikubali. Taji huzunguka kichwa na humtambulisha mwenye enzi. Kwenye milima ya Andes, Peru, yapo ya namna hiyo: ile silinda ya bamba la dhahabu iliyofukuliwa Kuntur Wasi, magofu ya kale ya kaskazini mwa Peru, yenye nyuso 14, ni taji bila ubishi. Lakini mengi unayoyaona pichani ni vipande vilivyochomekwa au kushonewa kwenye vitambaa na kofia ambazo zimeoza zamani. Mtawala wa Sipán, mahali pa pwani ya kaskazini ya Peru, ambaye kaburi lake lilichimbuliwa mwaka 1987 na Walter Alva na wenzake, alizikwa na bamba kubwa la dhahabu lenye umbo la hilali. Hilo liite "pambo la kichwani lenye umbo la hilali". Ukiwa na hakika kwamba lilikaa juu ya kitambaa kilichozungushwa kichwani, andika "pambo la kilemba", maana kilemba tunacho na kinafaa kabisa. Manyoya yaliyokatwa kwenye bamba yaite manyoya ya dhahabu. Vile vibamba vidogo vinavyoning'inia na kumetameta mvaaji akitembea usiviite vipuli, kwa kuwa kipuli ni cha sikio.

Kwa masikio yenyewe nakuomba ulitumie neno jasi. Wanawake wa pwani yetu walivaa majasi, yale maduara yanayojaza tundu la ndewe, na mabwana wa Sipán walivaa ya dhahabu na feruzi, makubwa kupita kiasi. "Hereni" halionyeshi ukubwa huo, na inasikitisha kuona neno zuri kama jasi likiachwa livie kamusini.

Kuhusu kuchovya, hapo utapotosha. Kuchovya ni kukipaka chombo dhahabu inayotoka nje yake. Wafuaji wa Andes mara nyingi walichanganya dhahabu na shaba (mchanganyiko huo huitwa tumbaga), wakaufua kwa nyundo hadi ukawa bamba, wakiupasha moto tena na tena usipasuke. Moto uliiunguza shaba ya juu, wakaiondoa kwa maji makali yenye asidi, na usoni ikabaki dhahabu iliyokuwamo tangu mwanzo. Andika: "bamba la dhahabu na shaba, lililoondolewa shaba usoni." Ni refu, lakini ni kweli. Na tumia "kufua", si "kusubu", isipokuwa una hakika chombo kilimiminwa kwenye kalibu.

Ukifika kwa Wainka, waliotawala Peru kabla ya Wahispania, utakuta jambo la kushangaza. Alama kuu ya mfalme wao, mascapaicha, ilikuwa matamvua ya sufu nyekundu yaliyoshuka kwenye paji la uso, yakipita ndani ya vijibomba vya dhahabu. Kwa cheo ni taji. Kwa umbo sivyo. Liache jina lake lilivyo, kisha eleza: "matamvua ya kifalme."

Upatanisho wa ngeli: Wakristo wamezoea "taji ya miiba", lakini katika maandishi ya leo fuata li-ya: taji hili, mataji haya. Jasi nalo vivyo hivyo.