Jibu Lilikubali Mlinganyo wa Kwanza, Nikaridhika

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe ambao ningeweza kuuandika mimi mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi. Alisema kwamba humwelewa mwalimu anapofundisha, kwamba njia zote anazijua, na kwamba kila jibu hulihakiki kabla ya kwenda kwenye swali linalofuata. Lakini karatasi ya mtihani ikirudi, maswali ya milinganyo yenye herufi mbili huwa yamekatwa karibu yote kwa wino mwekundu. Aliambatisha picha ya ukurasa mmoja wa daftari lake. Nilipoitazama nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa kosa lile ninalifahamu kama ninavyoufahamu mwandiko wangu.

Nami niliwahi kutoka katika chumba cha mtihani nikiwa na hakika. Swali lilikuwa na milinganyo miwili, 3x + 2y = 18 na 3x − 5y = −3, na mtu yeyote aliyefanya mazoezi kidogo angeona mara moja kwamba 3x imo katika yote miwili, kwa hiyo ukitoa mlinganyo wa pili kutoka wa kwanza, x inaondoka. Ndivyo nilivyofanya. Upande wa kulia nilitoa vizuri, 18 kutoa hasi 3, nikapata 21. Upande wa kushoto niliandika 2y − 5y, nikapata −3y, na kwa hiyo y ikawa −7. Nikairudisha y hiyo katika mlinganyo wa kwanza, nikapata 3x = 32, yaani x ni 32 kwa 3. Jibu lilikuwa baya kwa sura, lakini sikulitilia shaka, maana nililihakiki: 3x ni 32, 2y ni −14, jumla ni 18. Nikapiga mstari chini ya jibu, tena kwa rula.

Mwalimu aliyesahihisha alikisoma kile kihakikisho changu kwa sauti mbele ya darasa zima, akauliza kama nilikuwa namdanganya yeye au najidanganya mwenyewe. Darasa lilicheka. Sikumjibu wakati ule, na sidhani kwamba anakumbuka. Mimi nakumbuka hata mahali nilipokuwa nimeketi. Ninachomlaumu hadi leo si kicheko, bali ni kwamba alikata hesabu ile kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho bila kuonyesha ni wapi nilipopotea, nami nikaishi muda mrefu nikiamini kwamba akili yangu haikuumbiwa aljebra.

Sasa tazama mahali penyewe. Kutoa −5y ni kujumlisha 5y. Upande wa kushoto ulipaswa kuwa 2y + 5y, yaani 7y, na 7y = 21 inatupa y = 3, kisha x = 4. Kosa lote lilikuwa alama moja. Hata hivyo, alama hiyo haikuwa ndiyo iliyoniangusha, kwa sababu kila mtu hukosea alama. Kilichoniangusha ni kuhakiki mahali pasipofaa. Ile x niliipata kutoka mlinganyo wa kwanza, kwa hiyo ilikuwa lazima ikubaliane na mlinganyo wa kwanza hata kama y ningeiokota barabarani. Ni sawa na kumuuliza shahidi mmoja mara mbili ukadhani umepata mashahidi wawili. Kama ningeyapeleka majibu yangu katika mlinganyo wa pili, ningeona 32 + 35 = 67 mahali palipotakiwa −3, na mtihani ule ungekuwa na historia nyingine.

Hilo ndilo ushauri wangu, na ukiniuliza la pili nitakurudia hilohilo: hakiki katika mlinganyo ambao hukuutumia kumalizia, na uwe ule wa mwanzo kama ulivyoandikwa katika swali, si ule uliokwisha kuzidishwa na kupangwa upya, kwa kuwa ukikosea wakati wa kuzidisha, mlinganyo uliozidishwa utalitetea kosa lako. Msomaji wangu alifanya kama nilivyofanya mimi, swali baada ya swali, kwa bidii ya kusikitisha.

Baada ya aibu ile niliacha kabisa kutoa. Ninapotaka kuondoa herufi, huuzidisha mlinganyo mmoja mzima kwa hasi, kila kipande pamoja na upande wa kulia, kisha najumlisha. Katika swali lile mlinganyo wa pili ungekuwa −3x + 5y = 3, na ukiujumlisha na wa kwanza unapata 7y = 21 bila mtego wowote. Pia huandika vipande vyote hasi kwa kalamu nyekundu. Wenzangu walinicheka kwa hilo pia, mpaka niliposoma kwamba Wachina wa kale walitatua milinganyo ya namna hii kwa vijiti vilivyopangwa katika safu juu ya ubao, na kwamba mwanahisabati wao Liu Hui, aliyeandika maelezo yake mwaka 263, alieleza matumizi ya vijiti vyekundu kwa namba chanya na vyeusi kwa namba hasi. Rangi zangu ni kinyume cha zake, lakini tangu siku hiyo kalamu yangu siioni tena kuwa ya kitoto. Njia hiyo ya kuondoa herufi leo inaitwa kwa jina la Gauss, mwanahisabati Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1777.

Kuhusu kuchagua njia sitasema mengi. Herufi ikiwa peke yake, bila namba ya kuizidisha, njia ya kubadilisha, yaani kuiandika herufi hiyo kwa kutumia ile nyingine na kuipeleka katika mlinganyo wa pili, ni nyepesi, vinginevyo ondoa. Kwa 5x + 7y = 31 na 4x − 3y = −1, anayeng'ang'ania kubadilisha atajitumbukiza katika sehemu bila sababu, ilhali ukizidisha wa kwanza kwa 3 na wa pili kwa 7, kisha ukajumlisha, unapata 43x = 86, na x ni 2. Milinganyo ikija na sehemu, zidisha kwanza kwa kigawe kidogo cha shirika cha asili zote, na usiusahau upande wa kulia.

Jambo jingine lililonisumbua lilikuwa herufi kutoweka zote. Nilipewa 2x − 4y = 6 na −3x + 6y = −9, nikapata 0 = 0, nikafuta, nikaanza upya mara tatu, kumbe lilikuwa ndilo jibu: milinganyo yote miwili ni mstari uleule mmoja, na kila nukta ya mstari huo inafaa. Kama wa pili ungeishia na −8, ningepata 0 = 2, na maana yake ni kwamba mistari hiyo haikutani kamwe. Mwanafunzi anayefuta 0 = 0 amefundishwa kuogopa, na sitaki kuogopa huko kuendelee kwa mtu anayesoma maneno haya. Hesabu ikikuambia neno usilolitarajia, isikilize kwanza kabla ya kushika kifutio.

Mwezi uliopita nilitatua kwa mkono milinganyo mitano yenye herufi tano, bila kikokotoo, na majibu yote yakakubali milinganyo yote mitano. Najua kwamba kompyuta ingeimaliza kabla sijachonga penseli. Nilijivunia hata hivyo, na siombi radhi. Siri haikuwa kipaji. Kila hatua niliondoa herufi ileile katika milinganyo yote iliyobaki, kwa sababu anayeondoa z hapa na y pale hujikuta na milinganyo miwili yenye herufi tofauti, asijue pa kwenda. Anza na tatu, kwa mfano x + y + z = 6, 2x − y + z = 3 na 3x + 2y − z = 4: iondoe z mara mbili, upate −x + 2y = 3 na 4x + 3y = 10, kisha malizia. Majibu ni 1, 2 na 3, lakini usiniamini mimi. Yapitishe katika milinganyo yote mitatu.

Nawe uliyeniandikia, swali lako la nne liko sahihi hadi mstari wa tatu. Rudia kutoka hapo, peleka majibu katika mlinganyo wa pili, kisha uniandikie namba uliyoipata upande wa kushoto, hata kama haikubali.