Msalaba wa Kadi ya Kipaimara ni Mweusi, Dada Yangu

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kimara aliniandikia: "Bwana Yesu asifiwe dada. Usharika wetu umenipa oda ya kadi 80 za kipaimara, za mkono. Nimefurahi lakini naogopa. Naanzia wapi?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye daladala. Nilipofika nyumbani Tabata swali lake likawa bado linanisumbua. Basi hili ni jibu lake kamili, na la kila mwenzetu anayekata karatasi ngumu za manila usiku watoto wakishalala.

Anzia kwenye nembo ya Martin Luther, baba wa kanisa letu la Kilutheri: ile ya waridi, moyo na msalaba. Gundi na utepe vitafuata. Kaa na nembo ile mpaka uweze kuieleza kwa mtu aliyekaa mbele yako.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi sikufanya hivyo. Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kadi 72 za kipaimara, usharika nisioutaja. Kabla ya hapo nilikuwa nikitengeneza za jumuiya na za ndugu, na moja ya Mavuno iliwahi kupelekwa mnadani baada ya ibada pamoja na mikungu ya ndizi, ikanadiwa mpaka elfu kumi na tano. Siku ile nilirudi nyumbani nikijiona fundi. Kwa hiyo oda ya 72 ilipokuja sikuuliza mtu chochote. Nilichora ua la waridi lenye petali tano, moyo katikati, msalaba ndani ya moyo, nikatengeneza violezo kwa boksi la viatu, nikaanza kukata.

Nilipofika kwenye msalaba nikasita. Nilijua ni mweusi, nimeuona tangu utoto. Lakini nikawaza: hawa ni watoto, siku yao ni ya furaha, mweusi si utaonekana kama wa msiba? Nikaufanya wa dhahabu, kwa glita. Zilipendeza, na mpaka leo siwezi kusema vinginevyo. Ukiisogeza kadi karibu na taa, moyo mwekundu ulikuwa kama unawaka.

Ijumaa jioni nikazipeleka ofisini. Mwenyekiti wa kamati akafungua boksi, akatoa moja, akaiangalia, akawaita wazee wawili waje waone. Halafu akaniuliza mbele yao: "Mama, kwani wewe kipaimara ulipatia wapi?" Wakacheka. Mimi ni mtoto wa mwinjilisti. Nilikaa darasa la kipaimara miaka miwili, Katekisimo Ndogo nilikuwa naisema bila kufungua kitabu. Nilisimama pale na boksi langu, sikupata neno.

Aliyeniokoa ni mchungaji, aliyetoka ofisini kwake na kunivuta kiti. Alinieleza taratibu kwamba Luther mwenyewe aliifafanua nembo hii katika barua aliyomwandikia rafiki yake Lazarus Spengler mwaka 1530, akiwa kwenye ngome ya Coburg, Ujerumani. Msalaba ni mweusi kwa sababu unauma na unafisha, lakini moyo unabaki na rangi yake nyekundu, kwa kuwa msalaba hauuui moyo, unauhuisha. Waridi ni jeupe kwa sababu imani huleta furaha, faraja na amani, na nyeupe ni rangi ya malaika. Nyuma yake kuna buluu ya anga, mwanzo wa furaha ya mbinguni. Dhahabu ipo, ila mahali pake ni kwenye duara la nje, kwa sababu duara halina mwisho. Mimi nilikuwa nimeichukua dhahabu ya mbinguni nikaibandika mahali pa maumivu. Nilipoelewa hivyo, kicheko cha wale wazee kilinichoma zaidi, kwa sababu kosa lilikuwa langu kweli.

Ibada ilikuwa Jumapili. Usiku ule na kesho yake nilitengeneza misalaba 72 upya. Glita haikubanduka bila kuchana moyo, kwa hiyo nilikata vipande vya manila nyeusi, vipana kuliko msalaba wa dhahabu kwa milimita mbili, nikaufunika. Kipande kirefu kwanza, kifupi juu yake. Ukikosea hata kidogo dhahabu inachungulia pembeni. Nje vuli ilikuwa inanyesha, hewa nzito, na mimi nilikuwa natumia gundi nyeupe ya maji. Saa saba usiku nikaona kadi za mwanzo zimeanza kujikunja. Karatasi inakunywa maji ya gundi upande mmoja, nyuzi zake zinavimba, upande wa pili umebaki mkavu, lazima ipinde. Nilizipanga katikati ya mbao mbili, juu nikaweka gunia la mchele la kilo 25, nikalala pale pale sakafuni. Kulipokucha, nyingi zilikuwa zimenyooka. Sita nilizirudia kabisa.

Watoto walizipokea. Mimi nilikaa benchi la nyuma.

Sasa fedha. Tulikubaliana elfu mbili kwa kadi, jumla 144,000. Walinipa 50,000 mwanzoni. Zile 94,000 sijaziona mpaka leo. Nilipofuatilia mara ya tatu niliambiwa hiyo ni kazi ya Bwana, nitalipwa mbinguni. Dada, ukiambiwa hivyo, fungua Luka 10:7 uwasomee. Bwana mwenyewe ndiye aliyesema mtenda kazi anastahili ujira wake. Ukitaka kutoa sadaka, toa sadaka, weka kwenye bahasha yako ya ahadi, kwa moyo wako. Usikubali mtu akutolee sadaka kwa jasho lako. Siku hizi nachukua nusu kabla ya kununua karatasi, na nusu ya pili siku ya kukabidhi. Oda ya kanisa na oda ya harusi kwangu ni utaratibu mmoja. Wengine waliniona nina roho ngumu, wakaenda kuchapisha kwa mashine. Sawa.

Niende kwenye kazi yenyewe, maana dada aliuliza kazi.

Manila ina nyuzi zinazolala upande mmoja. Kabla ya kukata, ipinde taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaokubali kirahisi ndio wa kukunjia kadi. Ukikunja kinyume chake, mkunjo unapasuka kama ngozi kavu na rangi inatoka. Kabla ya kukunja, piga mstari kwa rula na kalamu ya bik iliyoisha wino, ukikandamiza kiasi. Kwa hali ya hewa yetu ya Dar tumia gundi ya kijiti au selotepu ya pande mbili, ya maji iache. Karatasi uliyonunua usiiache wazi mezani, ifunge kwenye nailoni, hasa masika.

Rangi ni hivyo hivyo, soma kwanza. Ukiwa na shaka, nenda kanisani uangalie kitambaa cha madhabahu. Majilio na Kwaresima ni zambarau, Krismasi na Pasaka nyeupe, Pentekoste na Sikukuu ya Matengenezo nyekundu, Jumapili nyingi za baada ya Utatu kijani. Nimewahi kuona kadi za Pasaka za zambarau tupu zikiuzwa mlangoni mwa kanisa na nikaumia, kwa sababu aliyezikata alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Mkono mzuri hautoshi. Kadi ya kanisa inasomwa, na mtoto wa miaka kumi na minne ataiweka ndani ya Biblia yake aisome tena akiwa mama wa watu. Unamwandikia nini? Tusicheze na vitu hivi jamani. Tusikimbilie glita. Tuulize wachungaji wetu, tuulize wainjilisti, hawakatai.

Na usingoje Ijumaa kama mimi. Tengeneza kadi moja tu, ipeleke ofisini wiki tatu kabla, mchungaji aione, aikubali, ndipo ukate hizo 79.

Dada wa Kimara, Jumamosi hii nashuka Kariakoo kununua manila nyeusi na nyekundu kwa ajili ya kadi za Sikukuu ya Matengenezo, tarehe 31 Oktoba. Kama utaweza, tukutane Msimbazi saa mbili asubuhi, kabla watu hawajajaa na jua halijawa kali. Nitakuonyesha namna ya kupima nyuzi za karatasi pale pale dukani, muuzaji akikunja uso mwache. Njoo na rula ya chuma, ya plastiki kisu kitaila.