Kila Kategoria Ina Namba Yake

Msomaji mmoja wa Kisauni ameuliza: ameona kwenye duka la mtandaoni pawabenki, betri ya kuchajia simu, ya mAh 50,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa) kwa bei ya kutupa, ina nyota nne na nusu, je, ainunue? Jibu lilikuwa papo hapo kwenye ukurasa ule, mistari michache chini ya picha. Uzito: gramu 280.

Tupige hesabu. Betri moja ya lithiamu ya 18650, ile ya mviringo iliyonenepa kama kidole gumba, ina uzito wa gramu 45 hivi, na hata iliyo bora haibebi zaidi ya mAh 3,500 au hapo karibu. Kufika 50,000 zitakikana betri 15, nazo peke yake ni gramu 675, bado ganda na waya. Gramu 280, ukitoa ganda na waya, zinatosha betri tano. Muuzaji anaweza kuandika namba yoyote anayoitaka juu ya ganda, lakini uzito huandikwa kwa ajili ya msafirishaji, na huko hana faida ya kuuongeza.

Hapo ndipo penye siri ya kununua kwenye katalogi za mtandaoni. Kila kategoria ina namba moja au mbili zisizopambika kwa urahisi. Zilizobaki ni urembo. Kabla hujaangalia bei, ijue namba ya kategoria yako.

Na uingie kwa kategoria kweli, usiandike jina kwenye kisanduku cha kutafutia. Ukiandika "friji" utaletewa vitambaa vya friji, stika za friji, na juu kabisa bidhaa zilizolipiwa zionekane. Shuka ngazi kwa ngazi mpaka kategoria ndogo ya mwisho, kisha chuja kwa mambo mawili tu, tuseme lita na bei. Ukichuja kwa mambo sita utapoteza bidhaa nzuri, kwa sababu wauzaji wengi huacha nafasi za maelezo wazi, na mchujo huzificha zote zisizojazwa. Fungua bidhaa kama kumi, andika kwenye daftari namba ya modeli, ile namba yako ya kategoria, na bei pamoja na usafiri wa kufika Mombasa. Bei iliyopigwa mstari usiiandike. Ameiweka muuzaji mwenyewe. Halafu peleka namba ya modeli kwenye tovuti ya kiwanda ulinganishe. Isiyo na namba ya modeli, achana nayo.

Friji ndiyo inayowatia watu wengi hasara hapa Pwani. Wote hutazama lita, na lita zenyewe huwa za jumla, si zile zinazobaki baada ya kutoa rafu na droo. Lakini namba yake hasa ni herufi: daraja la hali ya hewa, SN, N, ST au T. N imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST inafika 38, T inafika 43. Sasa fikiria jiko la chumba kimoja Likoni, paa la mabati, mwezi wa Machi, na biriani iko motoni. Nyuzi 32 zinapitwa mapema. Friji ya N hapo itanguruma mchana kutwa bila kupumzika, stima itapanda, na maziwa yataganda mtindi hivyo hivyo. Fundi ataitwa, atabadilisha gesi, na hakuna kilichoharibika. Kama daraja halikuandikwa, muombe muuzaji picha ya lebo iliyo ndani ya mlango au nyuma. Akikataa, amekujibu.

Sola: namba ni upana na urefu wa paneli. Jua kali la kupimia ni wati 1,000 kwa mita mraba, na paneli nzuri hugeuza kama asilimia 20 yake kuwa umeme, yaani wati 200 kwa mita mraba. Paneli ya sentimita 50 kwa 60 ni mita mraba 0.3, kwa hiyo wati 60, basi. Kuiandika 500 ni kukufanya mtoto.

Spika: tafuta RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo. Wati elfu kumi za PMPO, zile za kilele cha nukta moja, hazina maana yoyote.

Vyombo vya chuma kisichoshika kutu vina jambo lake kwetu sisi tunaopigwa na upepo wa chumvi. Daraja la 304 huvumilia kuliko 430 na 201. Sumaku hunasa kwenye 430, kwa kawaida haishiki 304, lakini 201 nayo mara nyingi haishiki, kwa hivyo sumaku inakutoa kwenye kosa moja tu. Namba lazima iandikwe. "Chuma bora cha kisasa" si daraja.

Godoro ni uzito tena: kilo kwa mita ya ujazo. Na vipimo vya nje visikuchanganye. Kitanda chetu cha 5 kwa 6 ni futi, sawa na sentimita 152 kwa 183. Godoro la 150 kwa 200 litaning'inia miguuni.

Kitu chochote cha stima kiwe cha volti 220 hadi 240. Kilichotoka Marekani cha volti 120 pekee kitaungua siku ya kwanza, hata ukikitafutia plagi ya kubadilishia, maana plagi hiyo haipunguzi volti.

Maoni ya wanunuzi? Nyota tano nyingi hutolewa siku mzigo unapofika: "umefika haraka, asante." Hawajautumia. Soma za nyota mbili na tatu, zinazotaja mwezi wa pili au wa tatu, na uhakikishe zinazungumzia saizi unayoitaka wewe, kwani katalogi nyingi huchanganya maoni ya saizi zote pamoja.

Na ndugu wa Kisauni: tafuta ya mAh 20,000, gramu 340 hadi 450. Ndani ni volti 3.7 na inatoa 5, na kiasi hupotea katika kubadilisha, kwa hiyo simu itapata kama 12,000 au 13,000. Hiyo si hitilafu, usiirudishe.