Kusomea jenetiki Uganda: maswali yenu sita

Maswali haya yamenijia kwa muda wa wiki tatu. Mengi yaliletwa kwa simu na kwa ujumbe, na moja niliulizwa nikiwa kwenye foleni ya teksi pale Wandegeya. Nimeyafupisha na majina nimeyaacha. Mimi nimefundisha na kusimamia wanafunzi wa somo hili la jeni na urithi, kwa hiyo nikikosea, kosa ni langu, nisahihisheni.

*Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya ualimu wa baiolojia na kemia, nafundisha sekondari hapa Mbale. Natafuta uzamili wa jenetiki Makerere lakini kila nikitazama sioni kozi yenye jina hilo. Nianzie wapi?*

Marahaba. Usiitafute jenetiki kwa jina lake, itafute kwa kazi yake. Hapo Makerere somo hili limetawanyika kila upande. Watu wa kilimo wanaifundisha ndani ya uboreshaji wa mazao, na mashamba yao yako Kabanyolo. Watu wa mifugo wanayo ndani ya baiolojia ya molekuli. Wale wa tiba, kule Mulago, wanaishughulikia pamoja na elimu ya kinga ya mwili na bioinfomatiki, yaani kuchambua taarifa za jeni kwa kompyuta. Kwa hiyo jiulize kwanza ni kiumbe gani uko tayari kuamka nacho kila asubuhi kwa miaka miwili: muhogo, ng'ombe, virusi au binadamu. Ukishajua hilo, mlango utauona.

Ualimu wako si kikwazo. Kinachowaangusha wengi wanaotoka ualimu ni takwimu, basi anza kujinoa sasa, usingoje barua ya kukubaliwa. Na kabla hujalipia fomu, panda basi uende idarani ukaulize nani anatafiti nini hivi sasa, na kama mradi wake una fedha. Mwanafunzi wa jenetiki hasomi darasani tu, anaingia ndani ya mradi wa mtu. Vitendanishi, yaani kemikali za maabara, ni ghali, na anayedhani atavinunua kwa mshahara wa ualimu atakwama mwaka wa pili. Kwa upande wa mazao ulizia MaRCCI, kituo cha kikanda cha Makerere cha uboreshaji wa mazao, kinachopokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Ulizia pia RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu ulioanza 2004 na wenye makao yake hapo hapo Makerere. Ukimwandikia mhadhiri, soma kwanza makala yake mojawapo, kisha mweleze kwa mistari miwili ni kipi ndani yake kilichokugusa. Barua za "naomba unisimamie kwa lolote" anazipata kila siku.

*Mimi ni mkulima wa Luwero. Kijana wangu yuko mwaka wa nne wa uzamivu, anatafiti migomba. Wenzake wa mahindi wamemaliza. Amezubaa, au ndizi ndiyo ngumu?*

Mzee wangu, ndizi ndiyo ngumu, na ninaomba nikueleze kwa kirefu ili umtazame kijana kwa jicho jingine.

Mahindi yana seti mbili za kromosomu, vile vifurushi vinavyobeba jeni, moja ya baba na moja ya mama. Matoke yetu yana seti tatu. Mmea unapotengeneza mbegu lazima ugawe seti zake sawasawa, na tatu haigawanyiki kwa mbili. Ndiyo sababu tunakula matoke bila kukuta mbegu, na ndiyo sababu mtu anayetaka kuzaa mgomba mpya anahangaika. Watafiti wa vituo vya utafiti wa kilimo vya Kawanda na Sendusu walilazimika kutafuta kwanza, kati ya aina nyingi za matoke, zile chache ambazo ua la kike bado linaweza kupokea chavua. Zikapandishwa kwa mgomba wa mwituni uitwao Calcutta 4, wenye vindizi vidogo vilivyojaa mbegu lakini unaostahimili sigatoka nyeusi, ule ugonjwa unaokausha majani. Watoto waliozaliwa walikuwa na seti nne. Hao wakapandishwa tena kwa mgomba wenye seti mbili, ili wajukuu warudi kwenye seti tatu na tupate ndizi ya kupika isiyo na mbegu. Mgomba unahitaji mwaka na zaidi kutoka kupandwa hadi kuvunwa. Hesabu mwenyewe vizazi hivyo. Chotara wa kwanza wa matoke aliyefikishwa kwa wakulima, M9, ambaye wengi mnamwita Kiwangaazi, alitolewa 2010.

Sasa mtazame kijana kazini. Ni saa moja asubuhi, umande bado uko kwenye majani. Anaegemeza ngazi kwenye mgomba, anapanda, anafungua mfuko uliofunika ua la kike tangu jana. Mkononi ana maua ya kiume. Anayapangusa kwenye ncha za maua ya chane iliyofunguka leo, moja baada ya jingine, anafunga mfuko, anatundika kibandiko chenye tarehe. Kesho anapanda tena, kwa kuwa chane nyingine itakuwa imefunguka. Miezi kadhaa baadaye mkungu unavunwa, unaivishwa, ndizi zinamenywa na kupondwa, halafu anachuja ule uji kwa maji akipapasa kwa vidole. Mbegu akiipata ni nyeusi, ngumu, kama punje ya pilipili manga. Mikungu mingine haina hata moja. Na akiipanda udongoni, mara nyingi haioti. Basi anaipasua kwa wembe chini ya hadubini, anatoa kiinitete cheupe kama kichwa cha pini, anakilaza kwenye chupa yenye rojo la virutubisho, na kuomba Mungu kisivamiwe na ukungu.

Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria ulionekana Mukono na Kayunga, kisha ukatapakaa kote. Wewe mkulima unajua ulivyofyeka mashamba. Kazi ya vijana kama wako ndiyo tunayoitegemea. Akija nyumbani usimuulize atamaliza lini. Muulize msimu huu amepata mbegu ngapi, utaona atakavyokusimulia.

*Niko Kampala lakini natoka Bukavu. Nataka jenetiki ya magonjwa lakini siipendi kompyuta. Nitaweza?*

Dada yangu, itabidi muelewane. Mashine ya kusoma DNA inatema mafaili makubwa yasiyofunguka kwenye jedwali la kawaida, na anayeyasoma ni mtu anayeweza kuandika programu ndogo ndogo kwa lugha za kompyuta kama R au Python. Mwanafunzi asiyejua hilo humaliza kazi ya maabara kisha hukaa akimngoja mtu mwingine amchambulie, na huko ndiko miezi inakopotelea. Habari njema ni kwamba hapa tuna pa kujifunzia. Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere, IDI, ina kituo cha bioinfomatiki kilichofunguliwa 2019. Anza na saa moja kila jioni. Sijaona mwanafunzi mwenye bidii aliyeshindwa.

*Mimi ni muuguzi karibu na Masaka. Watafiti huja kutoa watu damu ya mambo ya jeni, wakiondoka hatuwasikii tena. Mwanafunzi akija na fomu ya ridhaa, niangalie nini kabla ya kumruhusu kukaa na wagonjwa wangu?*

Asante sana, sista, kwa swali hili. Ningependa kila kituo cha afya kiulize hivi.

Kwanza nikwambie kwa nini damu hiyo ina thamani. Si mbali na kwako, Kyamulibwa, kuna jamii iliyofuatiliwa na watafiti tangu 1989, mwanzoni kwa ajili ya ukimwi. Mwaka 2019 zilichapishwa taarifa za jeni za watu wapatao 6,400 wa huko, na karibu 2,000 kati yao walisomwa jenomu nzima, yaani DNA yao yote. Kilichopatikana kinakuhusu wewe kazini. Wengi wetu tumebeba pengo dogo katika jeni inayotengeneza himoglobini, aina ya talasemia, hali ya damu ya kurithi, ambayo imeenea huku kwetu kwa sababu inakinga dhidi ya malaria. Pengo hilo linasogeza majibu ya kipimo cha himoglobini chenye sukari, kile kile cha kufuatilia kisukari. Kipimo hicho kiliwekewa viwango kwa damu za watu wa mbali, na tusingelijua hili kama wanakijiji wasingetoa mikono yao.

Mfano mwingine. Utafiti wa selimundu uliochapishwa 2016 ulipima watoto wachanga 97,631 wa nchi nzima, ukakuta asilimia 13.3 wana jeni moja ya ugonjwa na asilimia 0.7 wanaumwa. Matone ya damu yaliyotumika yalikuwa yamekusanywa tayari kwa ajili ya kupima VVU. Ilikuwa kazi nzuri, imesaidia kuonyesha ni wilaya zipi zianze kupima watoto. Lakini umeona: damu iliyotolewa kwa jambo moja ikajibu jambo lingine. Ndiyo maana cha kwanza cha kuangalia kwenye fomu ni kama imesema wazi sampuli zitahifadhiwa muda gani, na kama zitatumika kwa swali lingine. Angalia pia kama zitavuka mpaka, maana hapo lazima pawe na mkataba wa kuhamisha sampuli. Dai kuona muhuri wa kamati ya maadili na kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Mwanafunzi aliyejipanga huwa navyo mfukoni, na hatachukia ukimuuliza.

Halafu kuna lugha. Mwambie akusomee fomu kwa sauti kwa Kiluganda, au kwa Kiswahili kama mgonjwa ni wa Kiswahili. Akifika kwenye DNA atasema *endagabutonde*, na hapo angalia nyuso. Neno hilo watu wamelisikia kwenye redio katika kesi za nani baba wa mtoto. Nimeona baba akisimama na kumshika mtoto mkono waondoke, wala hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba utafiti ule ulihusu malaria. Utafiti wa familia unaweza kweli kugundua kwamba baba siye. Fomu iseme mapema kama jambo hilo litatajwa au litanyamaziwa. Kwa maoni yangu linyamaziwe, na liandikwe hivyo kwa maneno mepesi.

Mwisho muulize: utarudi lini kutuambia ulichopata? Asipokuwa na jibu, mpe kalenda yenu ya mikutano ya afya ya kijiji achague siku. Mimi wanafunzi wangu siwasainii tasnifu mpaka wamerudi walikochukua damu. Wengine hulalamika kwamba nauli haimo kwenye bajeti. Basi iwekwe kwenye bajeti.

*Ni kweli mbegu za kubadilishwa jeni zimepigwa marufuku, kwa hiyo nisisomee?*

Si hivyo. Bunge lilipitisha muswada wa kusimamia mbegu hizo 2017, Rais akaurudisha. Ukapitishwa tena 2018, nao haukutiwa saini. Majaribio ndani ya uzio yamekuwa yakifanyika kwa kibali, Kawanda na Namulonge, ya migomba na mihogo. Unachopaswa kujua ni kwamba ukichagua njia hiyo, zao lako laweza kuishia kwenye uzio hata kama tasnifu imefaulu. Kama unataka kuona mkulima akipanda kazi yako mapema, chagua uzalishaji wa kawaida unaosaidiwa na alama za jeni, yaani kuchagua miche kwa kusoma DNA yake. Muhogo unaostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia bado unahitaji watu wengi.

*Msimamizi wangu amekaa na sura ya tasnifu yangu miezi minne. Simu hapokei. Na sasa umeme umekatika sampuli zikaharibika. Nimechoka, nifanyeje?*

Pole sana, mdogo wangu. Tuanze na sampuli, maana hayo yamenipata mimi pia. Mwaka wangu wa pili wa uzamivu, katika maabara moja ambayo siitaji, umeme ulikatika Ijumaa jioni na jenereta haikuwaka. Jumatatu nilifungua friza nikakuta vichupa vinaelea kwenye maji, vibandiko vimebanduka, mwaka mzima wa kazi umegeuka maji ya waridi. Nililia pale pale sakafuni. Aliyeniinua ni fundi wa maabara, mzee aliyesema, "Shamba bado lipo, watu bado wapo, twende." Tulirudi kijijini tukaanza upya, na safari hiyo nilikusanya vizuri zaidi.

Kuhusu msimamizi: usimtumie sura nzima tena. Mtumie swali moja linalojibika kwa mstari mmoja, na jedwali moja. Mhadhiri anafundisha mamia na ana wanafunzi wengine wa uzamili, sura ya kurasa arobaini anaiweka kando akisubiri siku yenye nafasi, na siku hiyo haiji. Mfuate ofisini asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Ikishindikana, nenda kwa msimamizi wako wa pili, kisha kwa mratibu wa uzamili wa idara, ukiwa na orodha ya tarehe zote ulizoandika. Miezi minne inatosha kulalamika rasmi, na kufanya hivyo si utovu wa adabu.

Na ukianza upya kukusanya, gawa kila sampuli mara mbili, nusu iende friza ya jengo lingine lenye laini nyingine ya umeme. Namba za vichupa ziandike kwa penseli kwenye karatasi ngumu na uitumbukize ndani ya kichupa, kwani spiriti inafuta wino wa kalamu.