Maswali na Majibu: Mwani wa Mapangoni

*Mwani si mmea wa baharini? Pangoni unatafuta nini?*

Upo wa baharini, na upo mwingine mdogo usioonekana bila hadubini. Huu mdogo unahitaji tu mwamba wenye unyevunyevu na mwanga kiasi, kwa hiyo hujaa zaidi karibu na mdomo wa pango.

*Ni wa aina moja tu?*

Hapana, na hapa ndipo utamu ulipo. Kuna mwani wa kijani, kuna diatomu, mwani wa seli moja wenye ganda la silika (madini yanayotengeneza kioo), na kuna sianobakteria, ambao kwa nasaba ni bakteria ingawa wataalamu wa mwani wamewachunguza tangu zamani. Mara nyingi hawa ndio wanaotawala ukutani. Mmoja wao, Gloeocapsa, hujifunika ute unaotunza maji. Mwingine, Scytonema julianum, ni nyuzi zilizovikwa chokaa, hata huonekana nyeupe badala ya kijani. Ukipita haraka utadhani ni vumbi la mwamba.

*Kwenye giza totoro je?*

Bila mwanga hakuna usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga. Lakini giza la macho yetu si lazima liwe giza kwa kila kiumbe. Katika Carlsbad Caverns, Marekani, wamekutwa sianobakteria wenye klorofili d na f, aina adimu za rangi ya kunasa mwanga, zinazonasa mwanga mwekundu uliofikia ukingo wa uwezo wetu wa kuona. Mwanga huo hudundadunda kwenye kuta za chokaa na kupenya hadi pembe ambazo sisi hatuoni kitu.

*Nilitembelea pango la watalii, kuta zina kijani kuzunguka taa. Ni dalili njema?*

Ni dalili mbaya. Chembe za mwani huingia kwa maji, hewa na nguo zetu, kisha taa huzipa uhai mahali ambapo zisingekua. Pango la Lascaux, Ufaransa, lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948. Mwaka 1963 likafungwa, baada ya mwani wa kijani, Bracteacoccus minor, kuanza kusambaa penye michoro ya maelfu ya miaka. Inaniuma kila ninapolikumbuka. Haidrojeni peroksaidi, kemikali ya kuua vijidudu, huua mwani, ila ikizidi hudhuru mwamba na wadudu wa pangoni. Bora taa ziwe hafifu, na zizimwe watu wakishapita.

*Nikiuona, niusugue?*

Usiuguse. Kusugua hutawanya chembe zake na kukwaruza chokaa laini. Mwonyeshe msimamizi wa pango taa iliyo karibu nao.