Lenzi za machoni zenye nguvu zaidi ya moja
Je, lenzi hizi zinazovaliwa juu ya jicho huponya tatizo la kutoona vizuri karibu linaloanza kwenye umri wa miaka 40 hivi? Hapana, haziliponyi, zinalifidia tu. Lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho huzidi kuwa ngumu kadiri miaka inavyokwenda, ikashindwa kubadili umbo, kwa hiyo nyingi ya lenzi hizi za kuvaa hutengenezwa kwa duara zenye nguvu tofauti, ambazo huleta taswira ya mbali na ya karibu kwa wakati mmoja, na ubongo huzoea polepole kufuata ile iliyo wazi. Anayeendesha gari usiku azijaribu kwanza, kwa sababu taa huweza kuonekana zimezungukwa na mwanga, na maandishi madogo sana huenda bado yakadai miwani ya kusomea.