Goti langu, kazi yangu na filimbi: nilivyorudi mchangani baada ya miezi kumi na tatu

Pole sana mkuu. Umesema una mwezi wa nne tangu ufanyiwe upasuaji wa ile kano ya katikati ya goti, ACL, kutembea unatembea freshi, ngazi unapanda, na washkaji wanakuhesabu kwenye ligi ya mtaa inayoanza mwezi ujao, sa unauliza ukivaa ile soksi ngumu ya goti itatosha? Haitotosha. Ngoja nikupe yangu, ni ndefu kidogo, vumilia.

Mi nilikuwa beki wa kulia timu ya mtaani huku Temeke, uwanja wenyewe we unaujua aina yake, upande mmoja mchanga upande wa pili udongo mgumu kama barabara na masika ikipita inaacha mashimo. Siku naumia hakuna mtu aliyenigusa, hiyo ndo inaniumaga hadi leo, nilikuwa namfata winga, akakata ndani, na mi nikakanyaga nigeuke, njumu ikang'ang'ania chini mwili ukaenda, nikaskia ndani ya goti kitu kama kijiti kikavu kimevunjwa. Mpaka naoga jioni goti limekuwa kama papai.

Hapo ndo ujinga wangu wa kwanza. Nikapelekwa kwa mzee mmoja anachua, kanikanda na maji ya moto siku tatu nalia kama mtoto, na goti likazidi kuvimba. Sisemi wachuaji wote wabaya, misuli ikikaza wanasaidia, ila goti limevimba ndani ya saa chache baada ya kuumia ujue mara nyingi ni damu imejaa mle, hilo sio la kukandwa. Eksirei nilipiga, ikaonekana mfupa mzima, basi wote tukafurahi, kumbe eksirei inaonyesha mifupa, kano haionekani pale. Wiki ya tano uvimbe umeisha natembea vizuri kabisa, nikarudi uwanjani. Dakika ya ishirini goti likaachia, yaani kama mtu kachomoa bawaba ya mlango, na safari hii hata gegedu, ule mto laini kati ya mifupa ya goti, likachanika. Ndo nikaenda kupiga MRI, picha inayoonyesha mpaka kano, kwa hela ya kuchangiwa na shemeji, ikaonekana ACL imekatika kama yako, nikapasuliwa.

Sa tuje baada ya upasuaji maana ndo ulipo. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba mpira ni wa mwisho kabisa kwenye foleni. Kwanza kuna choo. Nyumba niliyopanga choo cha kuchuchumaa, na mi goti halikunji, basi tukachukua kiti cha plastiki fundi akakitoboa katikati, wapangaji wenzangu wakacheka wiki nzima af bibi wa chumba cha pili akaanza kukiazima. Kuna kuswali, nilikaa kwenye kiti miezi mitano. Kuna daladala, ambayo haisimami, inapunguza tu mwendo, na konda anakwambia changamka bro huku magongo ameyashika yeye. Na kuna kazi, mi ni fundi wa madirisha ya alumini, kazi yenyewe ni ngazi na kubeba vioo, bosi alinivumilia miezi miwili af akachukua kijana mwingine. Simlaumu sana. Nilirudi kwa mlango wa nyuma, nikawa nakaa karakana nakata na kuunga fremu nimekaa kwenye stuli, hela nusu.

Mazoezi nilifundishwa na dada mmoja fizio, mtaalamu wa kurudisha viungo kwa mazoezi, mkali kama mwalimu wa hesabu. Nilitegemea atanianzishia kukunja goti, yeye akaanza na kunyoosha. Anakunja taulo anaweka chini ya kisigino, goti linabaki hewani halafu nalisukuma chini mpaka linyooke kama la mguu mwingine, mara nyingi kwa siku. Na akanipiga marufuku kulala na mto chini ya goti, ingawa ndo raha yenyewe, sababu goti likizoea kukaa limepinda kidogo utachechemea miaka. Af paja. Alipima kwa futikamba, paja la mguu mbovu lilikuwa dogo kwa sentimita nne, nikashtuka, yaani limenyauka kama mhogo uliosahaulika juani. Kuongeza hizo sentimita nne ndo ilikuwa kazi, kukaa kwenye kiti na kuinuka kwa mguu mmoja, kupanda kingo ya baraza, kubeba ndoo ya maji, kila siku, inachosha akili kuliko mwili.

Sasa huo mwezi wa nne wako mkuu ndo mwezi wa kudanganywa. Ile kano uliyowekewa imetolewa sehemu nyingine ya mwili wako, wengi wanatoa nyuma ya paja au kwenye kano ya mbele ya goti, ikishapandikizwa inakuwa haina damu, inapitia kipindi inalegea halafu ndo mishipa ya damu inaingia taratibu inaanza kujijenga upya. Hiyo inachukua miezi mingi. Maumivu yenyewe yameshaondoka zamani, hivo unajiona mzima wakati mle ndani bado saruji mbichi. Fizio alinitajia utafiti uliotoka 2016, wa watu wa Norway na Marekani, kwamba kila mwezi unaousogeza mbele kurudi kwenye michezo ya kukata kona, mpaka ufike wa tisa, unapunguza kuumia tena goti kwa karibu nusu. Baada ya tisa kusogeza tarehe peke yake hakukuongezei kitu, kinachoangaliwa ni nguvu.

Na usiniambie wachezaji wa Ulaya wanarudi fasta. Van Dijk, beki wa Liverpool, aliumia ACL tarehe 17 Oktoba 2020 wakicheza dhidi ya Everton, kacheza tena mwishoni mwa Julai 2021 na ilikuwa mechi ya kirafiki, Euro yote hakwenda, na yule ana madaktari, bwawa, mashine, na hapandi daladala. Ronaldo yule wa Brazil aliumia kano nyingine, ile ya chini ya kifuniko cha goti, Novemba 1999, karudi 12 Aprili 2000 akiwa na Inter kwenye fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio, hakumaliza hata dakika kumi goti likakatika upya. Ile video mi siwezi kuiangalia mara mbili. Alivyosubiri ndo tukamwona Kombe la Dunia 2002 na magoli yake 8.

Kipimo changu kilikuwa cha kienyeji ila kinatokana na cha kwao. Unachora mstari, unaruka kwa mguu mzima unatua kwa mguu huohuo na unasimama bila kuyumba, unapima, af mguu mbovu hivohivo. Mbovu ufike angalau asilimia 90 ya mzima. Mzima ulikuwa sentimita 150. Mwezi wa sita niliporuhusiwa kujaribu, mbovu ulifika 98 na nikatua kama gunia. Mwezi wa tisa 128. Mwezi wa kumi na moja 139, nikapiga kelele mpaka jirani akatoka. Usijaribu hii kabla fizio wako hajakuruhusu, nakusisitiza.

Ila 139 haikuniondolea uoga. Kila nikiona mtu anakuja kwa kasi mguu unajivuta wenyewe. Hapa ndo nilipata dawa ambayo hakuna aliyeiandika. Pale nyuma ya soko watoto wanachezaga chandimu jioni, siku moja wakagombana, wakaniomba niwe refa. Nikakubali kwa utani. Mkuu, urefa ule ndo ulinirudisha. Unakimbia, unasimama ghafla, unarudi kinyumenyume, unageuka kufata mpira, na hakuna anayekukaba, na ukichoka unapuliza tu filimbi unasingizia maji. Miezi miwili nimetukanwa na watoto wa miaka kumi, kuna mmoja aliniita refa kilema, akaja kuomba radhi na ubuyu. Baadae wakubwa wakaanza kuniita niwachezeshee mazoezi, na siku moja katikati ya mchezo nikastukia nimegeukia mguu ule mbovu kwa kasi bila kuufikiria. Nilisimama, mpira ukapita, goli likaingia, sijui hata kama lilikuwa la kuotea.

Mechi ya kwanza ni mwezi wa kumi na tatu, bonanza la Jumapili la wenye vitambi, niliingia dakika 12 za mwisho. Niligusa mpira mara nne. Kushuka na kupanda sikuthubutu, nikacheza katikati natoa pasi za hatua mbili, na mpaka leo kule beki ya kulia sijarudi, namba yangu ana dogo mmoja ana mapafu matatu, mwache. Uwanja ukiwa umelowa sichezi, wakinuna wanune. Kazini nimerudi juu ya ngazi, hilo kwangu kubwa kuliko bonanza.

Kwa hiyo ligi ya mwezi ujao waambie hapana, omba ushike benchi, ukae na maji na daftari la sabu. Halafu nijibu haya nikushauri vizuri: goti lako likilala kitandani linanyooka lote kama la pili au linabaki juu kidogo? Linavimba jioni ukishinda umesimama? Na walichukua kano ya wapi, nyuma ya paja au mbele?